Mtu wa Mwisho wa Souto da Fraga

Coimbra, 16 Februari 2023

Baba,

Kwanza baraka zako. Naubusu mkono wako nikiwa huku huku, kama mama alivyonifundisha: mkono kwanza, maneno baadaye.

Naona unashangaa barua. Nimechoka kupiga simu isiyolia. Wenye nyaya wanasema zilizoibiwa hawawezi kuzirudisha kwa ajili ya nyumba moja. Nikawaambia kwenye hiyo nyumba moja anaishi baba yangu. Wakasema poleni. Na ile simu ya mkononi najua umeifungia kwenye kopo la maharage, maana mtandao haushiki mpaka mtu apande kule kwenye kanisa la juu. Basi Amadeu muoka mikate atakuletea hii ndani ya mfuko wa mkate. Ukijibu, itie humo humo mlangoni, yeye ataiposti Lousã.

Nina habari mbili. Ya kwanza mbaya: karakana ya kujalidi vitabu imefungwa. Miaka kumi na tisa nimejalidi tasnifu za wanafunzi, sasa Chuo kinazipokea kwa kompyuta, hakuna anayetaka jalada. Usinionee huruma, nimeshalia.

Ya pili: nimeanzisha safari za mwisho wa wiki. Mji huu umejaa watu wa kompyuta, baba. Wanaishi Coimbra lakini kazi zao ziko Berlin, ziko Tallinn, ziko kusikojulikana. Jumatatu mpaka Ijumaa wamejifungia vyumbani wanaongea na kioo. Wengine wana mwaka mzima hapa na hawajui jina la jirani. Mimi nawachukua kwa basi dogo, simu zote natia kwenye kile kikapu cha mama cha mayai, yangu ikiwemo, hazitoki mpaka turudi. Hilo ndilo wanalolipenda kuliko yote.

Nataka niwalete kwako Jumamosi. Uwaokee broa, ule mkate wako wa mahindi, uwaonyeshe kisu chako cha kugemea utomvu, uwasimulie misonobari. Unaonaje?

Binti yako,
Anabela


Souto da Fraga, 21 Februari

Anabela,

Mungu akubariki, mwanangu.

Yaani baada ya miaka sabini na tisa nimekuwa kinyago cha kutazamwa? Haya. Waambie wasimrushie mbuzi maganda, huyo mbuzi ana hasira kunishinda mimi.

Pole kwa karakana. Ulikuwa na mikono mizuri, umeirithi kwa mama yako, mimi mikono yangu ilijua kujeruhi mti tu. Walete hao watu wako. Nitaoka broa, nitapika chanfana kwenye chungu cheusi, mbuzi na mvinyo, wale mpaka wasahau hiyo Berlin.

Nikwambie ukweli, broa si kitu. Tangu tumzike mama yako umekuja mara nne. Sikulaumu, basi la mlimani halipo na wewe una kazi. Lakini kama safari hizi zitakuleta kila Jumamosi, mimi hata unisimamishe juu ya meza niimbe, nitaimba. Nataka nikuone tu unaingia mlangoni unaomba baraka kama zamani. Basi.

Mletee Amadeu dawa ya mgongo, analalamika kama bibi harusi.

Baba yako,
Delfim


Coimbra, 6 Machi

Baba,

Baraka zako.

Umewateka! Ndani ya basi hawakuongea jambo jingine. Yule Mhispania amefunga kipande cha broa kwenye leso kama masalia ya mtakatifu.

Kuna jambo linanikera, bora niseme mwenyewe. Nilipoingia sikukubusu mkono. Nilikuwa na watu kumi na wawili nyuma yangu, nikasema "Habari za asubuhi, Bwana Delfim," likanitoka tu. Halafu yule mama Mjerumani mwenye kofia ya bluu akaniambia nikuulize kama una watoto. Wewe hujui Kiingereza, na ulikuwa unanitazama unasubiri nitafsiri. Sikutafsiri. Nilimjibu mwenyewe. Nilisema hana mtu, huyu ndiye wa mwisho wa kijiji.

Akalia, baba. Akakushika bega. Na leo Jumatatu basi la wiki mbili zijazo limejaa, wote wanataka kumwona mzee asiye na mtu.

Sijui nifanye nini. Nikisema sasa kuwa wewe ni baba yangu nitaonekana tapeli. Naomba univumilie mpaka kazi isimame imara, halafu nitarekebisha.

Anabela


Souto da Fraga, 10 Machi

Anabela,

Mungu akubariki.

Mimi sijui Kiingereza lakini mkono wa mtu begani najua unasemaje. Yule mama aliponishika nikajua umeniulia mtu. Nikawa nimekaa pale najiuliza umemuua nani, mama yako au wewe mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ila kwa kuwa anayeipita ni wewe, tutaipita wote. Jumamosi hii nitavaa uso wa ukiwa. Nimeshafanya mazoezi mbele ya mbuzi, akanipiga pembe.

Lakini Pasaka hapana. Pasaka njoo peke yako. Padri mpya ana parokia saba, Msalaba wa kubusiwa nyumba kwa nyumba utapita huku juu mara moja tu, na mlango hapa ni mmoja. Nitatandaza rozmari na maua kizingitini kama mama yako alivyofanya, wajue nyumba hii inaupokea. Nataka tupige magoti wawili. Peke yangu nitaonekana nimedondosha kitu natafuta sakafuni.

Baba


Coimbra, 27 Machi

Baba, baraka zako.

Pasaka nakuja. Peke yangu. Nimeahidi.

Nisiache kukwambia, kipeperushi kimetoka. Karatasi nzuri, nimechagua mwenyewe, Kiingereza upande mmoja, Kireno upande wa pili. Kuna picha yako na kisu. Usisome yaliyoandikwa chini, ni maneno ya biashara.

Anabela


Souto da Fraga, 11 Aprili

Anabela,

Nitasema kisha nitanyamaza.

Nilitandaza rozmari tangu alfajiri. Nilikata na matawi ya kamelia ya mama yako, yale niliyosema sitayakata. Nilivaa suti ya mazishi yake kwa sababu ndiyo suti niliyo nayo. Nikasikia basi dogo. Nikasema moyoni labda kaazima gari. Wakashuka kumi na wanne.

Najua sababu, uliniambia haraka haraka jikoni: kwa makampuni yao Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, kwetu si sikukuu, wao hufuata kalenda ya anayewaajiri, kwa hiyo walikuwa na siku tatu na basi likajaa. Nimesikia.

Msalaba ukaingia. Padri akasema, mwenye nyumba na familia yake. Nikapiga goti. Nikakutazama. Wewe ulikuwa mlangoni na kamera. Nikaubusu Msalaba, Padri akasubiri, hajui mtu hapa, akauliza, hakuna mwingine? Amadeu ndiye alikuwa ameubeba. Amekujua tangu hujaota meno. Alikutazama mpaka akauinamisha Msalaba. Ukapiga picha. Kisha Padri akaugeuza kwa wageni nao wakaubusu mmoja mmoja, na wewe ulikuwa wa saba kwenye foleni, nyuma ya yule mama wa kofia.

Mwacha asili ni mtumwa. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia neno hilo.

Kipeperushi nimekisoma. "Hana mke, hana mtoto, hana wa kumwita." Miwani yangu bado inafanya kazi.

Chanfana iliyobaki nimempa mbwa wa Amadeu.

Delfim


Coimbra, 20 Aprili

Baba,

Sistahili kuomba baraka lakini naomba.

Nimeandika barua hii mara tano. Sababu ya biashara ni ya kweli lakini si yote. Wacha niseme iliyobaki, nione haya mara moja yaishe.

Yule Mjerumani alipouliza kama una watoto, sikuwaza biashara. Biashara ilikuja baadaye. Niliwaza swali litakalofuata. Ningesema mimi ndiye mwanawe, angeuliza: unakaa kilomita arobaini tu kutoka hapa, mbona baba yako anaishi peke yake mlimani, bila simu, bila jirani? Na mimi nisingekuwa na jibu. Ilikuwa rahisi kukufanya usiye na mtoto kuliko kuwa mimi ndiye mtoto huyo.

Ndiyo hiyo. Niite unavyotaka.

Anabela


Coimbra, 30 Juni

Baba,

Barua tatu hujajibu. Jumamosi ukija na broa mezani unawatazama wageni, mimi hunitazami. Amadeu naye ananiambia "Shikamana na kazi yako, dada," kana kwamba hatujacheza pamoja.

Niandikie hata matusi.

Anabela


Souto da Fraga, 2 Septemba

Anabela,

Mungu akubariki. Nimekasirika karibu miezi mitano, nimechoka. Hasira ni kazi ya vijana.

Barua yako ya Aprili ninayo mfukoni. Mwanzo iliniuma. Siku nyingine nikaisoma nikiwa nimekaa kwa mbuzi, nikacheka. Maana na mimi miaka yote hii ukinialika Coimbra ninasema siwezi, mbuzi nitamwachia nani. Mbuzi! Ukweli niliogopa kukaa kwenye ghorofa yako nikiwa mzigo. Basi tumeogopana wote wawili, wewe huko, mimi huku, na mbuzi katikati.

Mwezi Agosti sikuwapokea watu wako kwa sababu Amadeu alinipeleka Lousã kwa daktari. Usianze. Kasema ni gesi.

Mmoja wa watu wako huja mwenyewe siku ambazo huna safari. Yule mrefu, Mwestonia, anaitwa Taavi. Anapanda basi mpaka Lousã halafu anapandisha mlima kwa miguu. Anajifunza Kireno pale Chuoni, anaongea kama kitabu cha sheria, lakini anapasua kuni vizuri. Aliniuliza kama kweli sina mtoto. Nikamwambia karatasi imeandikwa na msomi, mimi ni nani nibishe. Usiogope, siri yako ni salama kwangu.

Baba


Coimbra, 26 Oktoba

Baba, baraka zako.

Nimeamua. Jumamosi ya tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martini, naleta basi la kwako. Wote wale wa Pasaka nimewaalika, na yule mama wa kofia ya bluu, aliyekwisha kurudi kwao, anatoka Munich kwa makusudi. Choma kastanya, zile njugu za msitu wetu, fungua jeropiga, ule mvinyo mtamu. Ukisikia basi, kaa kwenye kiti chako jikoni, usisimame. Nitaingia wa kwanza. Nitapiga goti mbele yao wote, nitaubusu mkono wako, nitasema "Baba, baraka zako," halafu nitawatafsiria. Wakinidai, wakinitukana, na watukane.

Vipeperushi vyote nimevitia kwenye ndoo ya takataka, isipokuwa vilivyokwisha kugawiwa.

Wiki hii inayokuja nawapeleka wengine Serra da Estrela, Ijumaa mpaka Jumapili jioni. Baada ya hapo, wewe tu.

Gesi gani hiyo inayompeleka mtu Lousã?

Anabela


Lousã, Jumapili, 5 Novemba

Bi Anabela,

Naomba radhi kwa Kireno changu. Nimekupigia mara tisa, najua simu yako imo kikapuni. Labda ni afadhali. Sitaki uyasome haya kwenye kioo katikati ya watu. Nitaisukuma barua hii chini ya mlango wa ofisi yako.

Bwana Delfim alifariki jana.

Nilifika asubuhi kumsaidia kuokota kastanya. Alisema anaandaa karamu ya tarehe 11, alikuwa na magunia mawili tayari, hakusema ni karamu ya nini. Tulikuwa tunachagua zilizotobolewa na wadudu alipokaa chini ghafla. Nilimbeba mpaka kwenye benchi la jikoni, nikamfunika blanketi, nikakimbia kanisani juu kupiga simu ya dharura. Kisha nikarudi kukaa naye. Gari lilichukua muda mrefu kwenye kona za mlima. Alikufa njiani, kabla hatujafika mjini.

Nakuandikia wewe kwa sababu ulimjua kuliko sisi sote. Nilimuuliza nimpigie nani. Akasema usimpigie mtu simu, sina mtu. Nikasema lazima kuna mtu. Akasema: "Ilivyo kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Msimharibie kazi yule binti." Sikuelewa, ila nilifanya alivyotaka. Watu wa gari la wagonjwa walipouliza jamaa zake nikawapa kipeperushi chako.

Leo asubuhi nilipanda tena kulisha kuku na mbuzi. Muoka mikate akaja na mkate. Nikamwambia. Akauliza maiti imeandikishwa kwa nani, nikasema hana mtu. "Nani kakwambia hana mtu?" Nikamwonyesha kipeperushi changu kingine. Akavua kofia akakaa kwenye ngazi. Halafu akatoa barua kwenye mfuko wa mkate uliokuwa mlangoni, akanipa. Akasema, "Mpelekee huyo mwongozaji. Leo hii." Nimeiambatanisha. Sikuifungua.

Mimi kesho alfajiri narudi Tallinn, kampuni imetuita wote ofisini kwa miezi miwili. Naumia kutokuwepo kwenye mazishi. Nimewaachia pale kituo cha afya fedha za maua, yasikose maua mzee asiye na mtu.

Pole sana. Najua na wewe ulimpenda.

Taavi Lepik


Souto da Fraga, 3 Novemba

Mwanangu Anabela,

Mungu akubariki, na leo nalisema kwa sauti, peke yangu jikoni, mpaka paka akageuka.

Barua yako nimeisoma nikaenda kunyoa ndevu, kana kwamba unakuja kesho. Nina siku nane za kusubiri na sijui nizitie wapi. Nimesafisha kiti. Nimefikiria nitauweka vipi mkono. Nikiuweka gotini utaona natetemeka, nikiunyoosha nitaonekana askofu. Nitaunyoosha. Siku moja tu, wacha niwe askofu.

Ila sikiliza. Ukiingia ukaona huwezi, ukaona wale watu wamekutazama na ulimi umekauka, sema "Habari za asubuhi, Bwana Delfim," nami nitaitikia. Sitakasirika. Ukifika tu inatosha. Nimejifunza hilo mwaka huu: nilikuwa nakuona kila Jumamosi nikawa nanuna, na mtu anayenuna haoni. Ulikuwa umevaa koti la kijani mwezi wa tano. Nilijifanya sikuliona. Linakupendeza.

Ile gesi si gesi. Tukikaa wawili nitakwambia daktari kasema nini. Na nikifika Coimbra utanitafutia daktari mwingine, maana mbuzi nimeshampa Amadeu kuanzia Desemba. Umesoma vizuri. Nakuja kukaa na wewe, kama bado una kile chumba.

Baba yako,
Delfim


Coimbra, 15 Novemba

Taavi,

Mimi si mwongozaji tu. Mimi ni mwanawe. Mtoto wake wa pekee.

Nimekaa siku kumi sijui nitaanzaje kukuandikia, basi nimeanza hivyo. Yaliyo kwenye karatasi niliyaandika mimi, kwa mkono huu, kwa sababu niliona aibu kuwa binti aliyemwacha baba yake peke yake. Yeye alijua, akanifichia mpaka mwisho. Hata wewe ulipomuuliza.

Jumatatu ile uliyoondoka nilikwenda kituo cha afya kumchukua. Mhudumu alikuwa mwanamke mpole, akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, wewe ni wa shirika la safari? Huyu mzee hana ndugu." Nikasema ni baba yangu. Akafungua jalada lake, na kwenye fomu, palipoandikwa jamaa wa marehemu, walikuwa wamebandika kipeperushi changu kwa pini. Karatasi ile nzuri niliyoichagua mwenyewe. Nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa kuthibitisha. Nikarudi Coimbra kukitafuta, siku nzima, na baba yangu amelala kwenye friji akiwa hana mtu, kwa maandishi yangu.

Tulimzika kesho yake, Jumanne. Amadeu alibeba msalaba. Maua yako yalikuwepo.

Tarehe 11 sikufuta safari. Nilipanda nao. Kastanya zilikuwa kwenye magunia pale pale mlipoziacha. Kiti kilikuwa kimesafishwa. Nilisimama mbele ya kiti kitupu nikawaambia ukweli wote, kwa Kiingereza, halafu kwa Kireno, maana ilikuwa nyumba yake. Yule mama wa Munich alivua kofia yake akatoka nje, hakusema nami tena. Ana haki.

Kwetu mtoto akiingia hubusu mkono wa mzazi na kuomba baraka, ndipo anapoongea. Mwaka mzima niliingia mle ndani nikamnyima hilo. Alikuwa amejiandaa kuunyoosha mkono tarehe 11, ameniandikia. Sikuupata.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Baada ya kusema hana mtu, mpaka gari lilipofika, alisema nini kingine? Alifanya nini? Hata kidogo. Hata kama unaona hakina maana, usinifiche.

Anabela


Tallinn, 24 Novemba

Anabela,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kurudi ndani.

Hakusema mengi. Aliuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne kasoro. Akasema, "Jumamosi saa nne wageni hufika." Nikamwambia leo hakuna safari, Bwana Delfim, wako Serra da Estrela. Akasema anajua. Lakini akaniomba nimgeuze benchini aelekee mlangoni, nikamgeuza.

Kuna jambo jingine. Kabla ya barua yako nisingeliandika, kwa kuwa sikujua kama ni jambo. Jikoni mlikuwa na baridi, moto umezimika, nami nilikuwa nimemfunika mpaka shingoni. Akautoa mkono wa kulia nje ya blanketi. Akaunyoosha kuelekea mlangoni, kiganja chini, akauacha pale hewani unatetemeka. Nikaurudisha ndani nikamfunika. Akautoa tena. Nikaurudisha. Mara ya tatu alinitazama, hakuwa na hasira, akautoa polepole, nami nikaushika nikauweka chini ya blanketi na kulibana blanketi kwa kiti ili usitoke tena.

Ningejua, ningeubusu mimi kwa niaba yako. Nisamehe, Anabela. Nilidhani anaona baridi.

Taavi